Kijibwa si mdoli: siku 10 zilizonifunza maana ya kumfuga mbwa

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi tulikuwa tumefyeka nyasi na kuzibua mtaro pamoja na majirani, na mchana watoto walikuwa wakicheza mbele ya mlango wangu hapa Nyamirambo, jijini Kigali. Nilimwekea mbwa wangu chakula barazani, simu ikalia, nikaingia ndani kuipokea. Sikukaa hata dakika tano. Niliposikia kilio nilitoka mbio, nikamkuta binti wa jirani, mtoto wa miaka sita, ameushika mkono wake wa kulia. Kwenye kidole palikuwa na vitundu viwili vya meno, na damu inachuruzika.

Mbwa mwenyewe ana uzito wa kilo tatu na nusu. Ni wa aina ya Maltese, mweupe, mwenye manyoya marefu kama pamba iliyochambuliwa. Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Simba, kwa utani. Siku ile hakuna aliyecheka.

Mama wa mtoto alitoka akiwa bado amejifunga kanga ya kufanyia usafi. Alimtazama mwanawe, akamtazama Simba aliyejikunyata chini ya kiti, kisha akaniuliza swali moja tu: “Jirani, mbwa wako amechanjwa?”

Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Lakini sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo tangu nianze kumfuga mnyama huyu.

Jambo la kwanza lilikuwa kidonda. Tulifungulia maji ya bomba na kukiosha kidole kwa sabuni kwa dakika 15, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa kila aliyeumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Hatukupaka pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha tukaenda kituo cha afya, kadi ya chanjo ya Simba ikiwa mkobani mwangu. Mtoto alianzishiwa sindano za kinga, nami nikapewa agizo: mbwa afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, maana yake hakuweza kumwambukiza mtu siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki.

Siku hizo 10 zilikuwa ndefu. Nilizitumia kupitia upya yote niliyoyafanya na niliyoyaacha tangu mnyama huyu aingie nyumbani kwangu. Ukitembea Nairobi, Kampala au Kigali siku hizi utawaona vijibwa wa aina hii: Maltese, Chihuahua, Shih Tzu, wengine wamebebwa kama watoto wachanga. Anayewatazama huona mwili mdogo akadhani na kazi yake ni ndogo. Nami nilidhani hivyo. Wahenga walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende.

Zawadi ya mtu anayeondoka

Simba sikumnunua. Nilikuwa nikifanya kazi Nairobi, na mwenzangu kazini, mgeni kutoka Ulaya, akamaliza mkataba wake. Zilimbaki siku chache za kuuza vyombo vyake: kochi, friji, meza. Vyote vilipata wanunuzi. Kilichobaki ni mbwa wa miaka minne, aliyekuwa akikaa mlangoni kila magari ya kubebea mizigo yalipoingia, kana kwamba anajua. Nikamchukua, kwa huruma zaidi kuliko kwa akili.

Hadithi hii wanaijua wengi katika miji yenye balozi na mashirika ya kimataifa. Mbwa wa aina hii huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hupita hapo. Mkataba wa kazi mara nyingi ni wa miaka miwili, na wa nyumba ni wa mwaka mmoja. Anayemchukua mtoto wa mbwa leo anapaswa kujiuliza atakuwa wapi miaka 10 ijayo, na nani atabaki na mnyama iwapo atahamishwa. Mwenzangu hakujiuliza, nami sikujiuliza.

Mara ya kwanza nilipokwenda naye nyumbani kwetu kijijini, mjomba alimtazama kwa muda mrefu, akauliza: “Huyu analinda nini?” Kwetu mbwa ana kazi. Analinda boma, anafuata mbuzi, anaingia porini na wawindaji. Nilikosa jibu, na watu wakacheka.

Wapo wanaosema kukaa na mbwa mdogo ndani ya nyumba ni mambo ya kigeni. Kwa Maltese ni kweli, asili yake ni nchi za pwani ya Mediterania. Lakini ukanda wetu nao una mbwa wake mdogo anayesifika duniani. Anaitwa Basenji, ametoka katika misitu ya Kongo, na uzito wake ni kilo 10 hivi. Habweki kama mbwa wengine, ila hutoa sauti inayopanda na kushuka kama ya mtu anayeimba. Kwa sababu ya ukimya huo, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Jina lake lina undugu na neno letu “washenzi”. Leo mbwa huyo aliyeitwa wa washenzi analala kwenye makochi ya London na Chicago.

Jibu la swali la mjomba nililipata baadaye, nilipohamia Kigali kikazi. Sikuwa na ndugu wala rafiki hapa. Simba ndiye aliyenilazimisha kutoka nje saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha au isiponyesha. Kwa sababu yake watoto walinisalimia, kisha mama zao, kisha wauza maziwa. Kabla ya mwezi kwisha mtaa mzima ulikuwa umenibatiza “Mama Simba”. Mwanzoni jina lilinikera kidogo, lakini jina ni jina, na nilikuwa nimepata majirani.

Chapati moja inatosha siku nzima

Kosa la kwanza la wengi wetu ni chakula. Mbwa wa kilo tatu na nusu anahitaji kalori 250 hivi kwa siku. Chapati moja ya mafuta hukaribia kiasi hicho. Kwa hiyo kila mtoto anayemrushia kipande, na kila mgeni anayemmegea sambusa, anamwongezea mlo ambao mwili wake hauna pa kuuweka. Unene kwa mbwa mdogo humlemea moyo na magoti, na aina hizi tayari zina magoti ambayo kifupa chake huteguka kwa urahisi. Ndiyo maana Simba haruhusiwi kuruka kutoka kwenye kochi. Nimemwekea kigoda cha kushukia.

Anakula mara mbili kwa siku. Ninapokuwa na pesa hula chakula kikavu cha mbwa cha dukani. Zinapopungua humpikia ugali laini kidogo, nyama ya kusaga au ini la kuchemsha, karoti, na isambaza wa Ziwa Kivu niliowalowesha ili chumvi iwatoke. Simtilii kitunguu wala thomu, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu huharibu figo zake. Chokoleti humsumbua moyo, na kwa mwili huu kipande kidogo tu kinatosha kumletea balaa. Peremende na jojo zenye sukari mbadala iitwayo zailitoli ni sumu kali kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vichomi vichomi na kumtoboa utumbo. Mabaki ya mezani ambayo mbwa mkubwa wa boma huyala akaenda zake kulala, huyu yanaweza kumlaza kwa daktari.

Mwenye mtoto wa mbwa wa aina ndogo awe mwangalifu zaidi. Akikosa mlo mmoja au miwili, sukari yake ya damu hushuka haraka: atatetemeka, atapepesuka, kisha atazimia. Humsaidia kupakwa asali kidogo kwenye fizi wakati mnamkimbiza kwa daktari, lakini kinga bora ni kumlisha kidogo kidogo mara nne kwa siku.

Dawa nazo hupimwa kwa uzito. Kwa hiyo ni lazima ujue uzito wake. Panda kwenye mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Kupe mmoja, usiku tatu za maji ya mshipani

Hili la dawa nililijua kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza na Simba, kule Nairobi, alianza kuacha chakula. Nilidhani anamkumbuka mwenyewe wa zamani. Siku ya pili alikuwa amelala tu. Mtu mmoja mtaani akanishauri nimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng’ombe, kwa kuwa alimwona ana kupe. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo, maana dawa iliyochanganywa kwa ajili ya ng’ombe inaweza kumuua mbwa wa kilo tatu. Lakini sikufanya jingine lolote pia. Nilingoja.

Siku ya tatu mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Daktari wa wanyama alichukua tone la damu, akalitazama kwa hadubini, akaona vimelea viitwavyo babesia, ambavyo huenezwa na kupe na kuvunja chembe nyekundu za damu. Simba alilala kliniki usiku tatu akiwekewa maji mshipani. Nililipa karibu nusu ya mshahara wangu. Daktari hakunificha: ningechelewa siku moja zaidi, ningekuja kuchukua maiti.

Tangu hapo kila jioni tuna dakika 10 zetu. Namlaza mapajani na kumpapasa mwili mzima: ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkanda wa shingo, shinani mwa mkia. Kupe nikimkuta humshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila kumminya wala kumchoma kwa kiberiti. Kinga ya kupe na viroboto humpa kila mwezi, ile iliyoandikwa kwa ajili ya mbwa wa uzito wake. Dawa ya minyoo humpa kila miezi mitatu, na hiyo si kwa ajili yake tu. Mayai ya minyoo ya mbwa hubaki kwenye udongo, na watoto wanaochezea mchanga hapo ndipo wanapoambukizwa.

Katika dakika hizo hizo namchana. Manyoya ya Maltese huendelea kukua kama nywele zetu, na yakiachwa siku tatu hufungamana na kuivuta ngozi hadi ikawa na vidonda. Kuoga ni kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sabuni ya mbwa, kisha akaushwe vizuri. Usiku wa Kigali una baridi, na kimwili hiki hakina akiba ya joto. Wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam wana shida ya upande mwingine: wakiwa na mbwa mwenye pua bapa, wamtembeze alfajiri na magharibi tu, kwa sababu joto la mchana humkatisha pumzi.

Kamba yake haifungwi shingoni. Bomba la hewa la mbwa hawa ni laini, na likivutwa kila siku hulegea, mbwa akaanza kukohoa kama bata. Tunatumia mkanda wa kifuani. Na yapo meno, ambayo wengi huyasahau. Kinywa ni kidogo, meno yamebanana, na uchafu huganda upesi. Simba ana miaka saba sasa na tayari ameng’olewa meno mawili. Nampigia mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa, kwa kuwa ya binadamu haifai kumezwa naye. Akiona mswaki hujificha chini ya kitanda, na kila usiku tunaanza upya.

Jirani naye ana haki

Yote hayo ni ya ndani ya nyumba. Nje ya mlango kuna watu, na mbwa wangu si mbwa wao.

Nyamirambo ni mtaa wenye Waislamu wengi, na Kiswahili unakisikia barabarani kama uko Ujiji. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo bibi anayekunja kanzu yake tunapopita hanichukii mimi wala Simba. Anakwenda kuswali na hataki kulazimika kubadilisha nguo. Mimi ndiye wa kuifupisha kamba, kumweka mbali na kamba za nguo na mikeka, na kutomwacha arukie miguu ya watu eti “anakupenda tu”.

Rwanda kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa walioachwa bila wenyewe walikula miili ya waliouawa, na baadaye askari wakawapiga risasi wengi wao. Wapo watu ambao mpaka leo hawawezi kumtazama mbwa. Kuna mzee katika mtaa wetu ambaye kila alipotuona alivuka barabara. Nilidhani anaogopa kuumwa, na siku moja nikamwambia kwa kicheko kwamba mbwa mwenyewe ni mdogo, hana neno. Hakunijibu. Jirani mwingine ndiye aliyenieleza kwa upole. Siku hizi nikimwona mzee huyo kwa mbali, ninayevuka barabara ni mimi.

Halafu kuna kinyesi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Mwenye mbwa hana kisingizio: gazeti la jana lina kazi leo. Ninakunja kurasa mbili mfukoni kila ninapotoka, na mhariri wa gazeti hili anisamehe.

Kelele nazo ni mzigo. Kijibwa hubweka kwa sababu kila kitu ni kikubwa kuliko yeye. Ukimbeba na kumbembeleza kila anapobweka, unamfundisha kwamba kubweka kunalipa. Simba nilimzoesha kwa kipande cha karoti: akinyamaza anapata, akibweka hapati. Ilichukua miezi mitatu. Anayeachwa peke yake kutwa nzima hatafundishika kwa karoti yoyote, kwa maana anacholilia ni upweke.

Mimi kitambulisho, yeye karatasi tatu

Nilipohamishwa kutoka Nairobi kuja Kigali, jambo la mpaka halikunisumbua akili. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Nilijaza gari, nikamweka Simba kwenye kikapu, nikaondoka.

Mpaka wa kwanza tulirudishwa.

Ofisa alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba mnyama hasafiri kwa kitambulisho cha mwenyewe. Anahitaji kibali cha kuingizwa kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anayokwenda, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali kilichotolewa siku chache kabla ya safari, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho hakijaisha muda. Nchi ya kupitia nayo huweza kudai kibali chake. Mimi nilikuwa na kadi ya chanjo tu, nayo ilikuwa imeisha wiki mbili nyuma.

Nililalamika sana. Jumuiya gani hii, nikasema, ambayo magunia ya mahindi yanapita na mbwa wa kilo tatu anazuiwa? Nilirudi, nikamwacha Simba kwa binamu yangu, akachanjwa upya, vibali vikaombwa, na zaidi ya mwezi mmoja ukapita kabla sijarudi kumchukua. Anayepanga safari kama hiyo aanze miezi miwili kabla, na aulize ofisi za mifugo za kila nchi atakayokanyaga, kwa maana masharti hubadilika.

Hasira zangu ziliisha baadaye, nilipojifunza habari ya Pemba.

Funzo la Pemba

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wengi wao ni wa Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, virusi hukosa pa kupita.

Kisiwa cha Pemba kilithibitisha hilo. Watafiti walifuatilia ugonjwa huo kisiwani kuanzia mwaka 2010. Mbwa wakachanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 virusi vilikuwa vimetoweka. Kisha kampeni za chanjo zikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili, na ugonjwa ukarudi. Ilibidi chanjo ianze upya kila kijiji, na mwezi Oktoba 2018 ukatokomezwa tena.

Pemba kuna bahari pande zote, na bado virusi viliingia. Sisi wa bara tuna barabara, vichochoro na mito inayovukwa kwa miguu. Kila nchi ikichanja mbwa wake na jirani asichanje, ni sawa na mtu anayefagia ua huku upepo unavuma kutoka kwa jirani. Yule kijana wa mpakani hakuwa akimzuia Simba. Alikuwa akimzuia abiria mwingine, asiyeonekana, ambaye angeweza kuwa ndani ya kikapu kile bila mimi kujua.

Na hapa ndipo ninapolazimika kusema ukweli. Kadi niliyoitoa mkobani siku ya umuganda ilikuwa na muhuri wa chanjo ile ile niliyorudishwa kuitafuta, miezi minane kabla. Ofisa yule asingenirudisha, swali la mama wa jirani ningelijibu kwa kutazama chini.

Kabla hujasema ndiyo

Anayetamani kijibwa ajiulize mambo machache. Mwenye nyumba anaruhusu? Nani atamlisha ukisafiri? Je, una pesa za chanjo, dawa za kupe na daktari wa dharura, mbali na bei ya kumnunulia? Muuzaji amekuonyesha mama wa mtoto huyo na kadi yake ya chanjo, au anataka mkutane kando ya barabara? Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ya kichaa hupewa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mpaka amalize, asitembezwe mahali wanapopita mbwa wengine, kwa sababu parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, humaliza watoto wa mbwa kwa siku chache. Jike usiyetaka azae afungwe kizazi. Humkinga pia na usaha wa tumbo la uzazi anapozeeka. Kwa asiye na uwezo wa kulipia chanjo ya kichaa, aulize ofisi ya mifugo iliyo karibu naye. Mara nyingi chanjo hutolewa bure au kwa bei nafuu karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Na kama kuna watoto, wafundishwe kabla ya kuumwa. Mbwa anayekula haguswi. Anayelala haamshwi. Mkia si kamba. Mtoto wa jirani alimvuta Simba mkia akiwa kwenye sahani yake, lakini kosa halikuwa la mtoto wala la mbwa. Mtu mzima aliyekuwa na wajibu wa kuwepo pale alikuwa ndani anaongea na simu.

Siku ya 10 daktari wa wanyama alikuja mtaani. Simba alimbwekea, akala karoti, akanywa maji, akajaribu kuiba glavu. Daktari akaandika barua, nami nikaipeleka kwa jirani kwa mikono miwili, pamoja na risiti za kituo cha afya ambazo nilikuwa nimelipa zote. Kituoni walithibitisha kwamba sindano zilizobaki hazihitajiki.

Mama wa mtoto aliisoma barua mara mbili. Kisha akasema, “Sasa nipe na tarehe ya chanjo ijayo, niiandike.” Ameibandika ukutani jikoni kwake, kando ya kadi za kliniki za wanawe. Kila nikienda kuazima chumvi naiona pale. Nayo inaniona.

Binti yake amerudi kucheza mlangoni kwangu. Anakaa chini kwanza, anafungua kiganja, anangoja Simba amfuate mwenyewe. Wakati wa chakula cha mbwa sasa mlango unafungwa, na simu nimejifunza kuiacha ilie.